Mguu Usiopoa

Siku niliyogundua kwamba papa, baba yangu mzazi, alinidanganya, alikuwa anatoa miba ya samaki mdomoni.

Wakwe zangu walikuwa wamevuka mpaka kutoka Uvira kuja kutusalimia Kanyosha, na mazungumzo yakafika kwenye Noeli. Mama mkwe akasema mtoto Yesu wa sanamu kanisani kwao ni baridi kama chungu cha maji. Papa, aliyekuwa sakristani, mtunza vyombo vya ibada, wa parokia yetu tangu enzi za Wabelgiji, akacheka. "Wa kwetu alikuwa wa moto! Mi nilikuwa namulaza karibu na mbabula, ile jiko ya makaa, pale nawasha ubani."

Meza nzima ikaangua kicheko. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa. Mimi nikaweka kijiko chini.

Kwa sababu mguu ule naujua. Asubuhi ya Noeli, baada ya misa, tulipanga mstari kumbusu mtoto Yesu mguuni. Nilikuwa na miaka saba, na nilipoinama, loo! Mguu ulikuwa na joto, joto la mtoto anayeamka. Nilimwambia papa peke yake kwamba mtoto Yesu yu hai. Akaniangalia, akasema, "Ndiyo, mutoto wangu." Basi.

Uhuru ukaja, nikasoma, nikapata kazi ya kupiga barua kwa mashine katika ofisi moja bandarini. Wenzangu walionizidi shule walinitania kwa dini yangu. Mimi nilikuwa na ule mguu. Mtoto wangu wa kwanza alipofariki, hata jino hajaota, nilimfunika mwenyewe. Miguu yake ilikuwa baridi. Nikajiambia, kuna mguu mmoja usiopoa, na huo niliugusa. Ndivyo nilivyovuka mwaka ule.

Kumbe mbabula!

Nilimchukia papa, nasema wazi. Akija kwetu, mimi jikoni. Kanisani nilienda kwa kuogopa midomo ya watu tu, nikakaa nyuma kabisa. Hata kusali nilishindwa, maana kila neno nililosema niliona kuna mtu nyuma ya mlango anachochea makaa.

Noeli iliyofuata papa alikuwa ameshaacha kazi, magoti yamemshinda, na sakristani alikuwa kijana mpya. Nikapanga mstari kwa makusudi. Nilitaka niguse ule ubaridi kwa mdomo wangu, nimalizane na mambo hayo. Papa alikuwa mbele yangu.

Alipofika, hakubusu. Aliuzungushia mguu mmoja viganja vyake, akaupulizia pumzi, akausugua taratibu. Mstari ukasimama, watu wakaanza kuguna.

"Papa, unafanya nini tena?" nikamwambia chinichini, kwa ukali. "Leo umudanganye nani?"

Akageuka. Alikuwa ameshangaa kweli. "Kudanganya? Apana. Mutoto ana baridi. Wamemuacha kwenye simenti tangu jana, na mvua yote hii." Akanitazama kama mimi ndiye niliyekosa akili. "Kwetu mutoto akizaliwa tunamulaza karibu na moto. We ungemuacha?"

Kwao ni Mugamba, juu milimani, ambako ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba. Aliteremka mjini kijana mzima, wakampa funguo za sakristia na mtoto wa plasta, naye akamlea anavyojua. Sisi wenye kubusu hakutuwaza hata kidogo. Nikakumbuka kicheko chake pale mezani. Wengine walicheka ujanja wake. Yeye alikuwa anasimulia habari za mtoto.

Akasogea pembeni kwa magoti yake mabovu. Zamu yangu. Nikainama, mwanamke mzima na viatu vyangu vya ofisini, bado nina hasira. Mguu alioushika ulikuwa na joto la viganja vyake. Ule mwingine, ambao hakuwahi kuufikia, ulikuwa baridi kama wa mwanangu siku ile.

Nikaushika huo kwa mikono miwili, nikaanza kupuliza.