Jina la Shujaa wa Mbele

Mtu akinitajia ile gemu hadi leo, damu hunichemka, na gemu yenyewe haina kosa lolote.

Tuliipata kwa mjomba, mdogo wake mamangu, aliyekuwa na kibanda cha vifaa vya umeme mjini karibu na River Road. Wateja wake walitaka mpira na ngumi, basi. Hii haikuwa na mpira wala ngumi, ikakaa kwenye droo hadi akachoka nayo, akamletea kakangu pamoja na mashine kuukuu ya kijivu ambayo ilibidi uigeuze juu chini ndipo isome diski. Gemu yenyewe ilitengenezwa na Wajapani, lakini hao Wajapani ni kama walilelewa na wazungu: ngome za mawe, mapanga, makasisi wa majoho, mapango ambayo uliyaona kana kwamba ni wewe unayetembea humo. Na ilikuwa ngumu kupita kiasi. Haikuwa na ramani, kakangu aliichora mwenyewe kwenye karatasi ya hesabu yenye miraba. Mtu wako akifa unampeleka hekaluni afufuliwe, na kasisi akishindwa, mtu wako anageuka jivu. Nilimwambia kakangu huu si mchezo, ni adhabu. Yeye aliipenda kuliko chakula.

Aliipenda kwa sababu haikukupa shujaa. Ulijitengenezea watu sita, watatu mbele wa kupigana na watatu nyuma wa kusaidia, na kila mmoja ukamwandikia jina unalotaka. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Kwetu Wakikuyu jina halichaguliwi kwa utamu wake. Mvulana wa kwanza huchukua jina la baba ya babake, wa pili la baba ya mamake, na wasichana vivyo hivyo kwa nyanya zao. Kakangu ni kifungua mimba, lakini ana jina la baba ya mama. Mimi nina la mama ya mama. Mtu yeyote wa mitaa yetu, Kabiria au Waithaka, akisikia majina yetu hahitaji kuambiwa zaidi: hawa walizaliwa nyumbani kwa wazazi wa mama yao, na baba yao hakupeleka hata mbuzi mmoja wa mahari. Nimewaona akina mama kanisani wakipiga hiyo hesabu huku wananitazama, kisha wanatabasamu. Ningewazaba makofi wote.

Na yule mtu hakuwa amekufa wala kuvuka bahari. Alikuwa mtaa wa Satellite. Satellite! Kutoka kwetu Kabiria unafika kwa miguu kabla jasho halijakutoka. Alikuwa na mke huko, mabinti, na kazi ya maana mjini, na mara mojamoja alitokea kwetu Jumapili alasiri, akanywa chai, akauliza habari za shule, akaenda zake. Mamangu alitufundisha kumwita baba. Mimi nilimwita "wewe".

Kakangu alipounda kikosi chake, alitupanga sisi. Mama akawa kasisi wa kuponya, nyanya akawa mwizi wa kufungua makufuli, jambo lililotuchekesha sana, na mimi mchawi wa moto; babu na mjomba wakawa wapiganaji wa mbele. Gemu iliuliza kila mtu ni mwema, wa katikati, au mwovu. Mimi aliniandika mwovu bila hata kuniuliza. Wa mbele kabisa, mwenye upanga na ngao, alikuwa yeye mwenyewe. Nikasoma jina. Halikuwa lake. Lilikuwa la baba ya yule mtu, mzee ambaye hatukuwahi kumwona hata kwenye picha.

Nilimuuliza kama ana wazimu. Akasema polepole, ati hilo ndilo jina lililopaswa kuwa lake. Nikamwambia hao watu hawatutaki, aandike jina la watu waliomlisha. Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Aliendelea kucheza wiki baada ya wiki, na yule shujaa hakufa hata mara moja. Sisi wengine tulikufa ovyo. Mimi niligeuka jivu, ikabidi niundwe upya. Yeye, akijeruhiwa kidogo tu, kikosi kizima kilikimbia. Ndipo nikaelewa anachongoja. Yule mtu alikuwa na mabinti tu kule Satellite, na mvulana wake wa pekee alikuwa sebuleni kwetu. Kakangu alingoja siku atakayokuja yule mtu na kusema sasa anaenda na mbuzi kwa wazazi wa mama, mambo yanyooshwe.

Akaja kweli, Jumapili moja, na soda na keki, uso unang'aa. Kakangu alisimama kumsalimia, akaketi tena kwenye gemu yake. Mama akaleta chai. Yule mtu akasema Mungu amemkumbuka, mkewe amejifungua.

"Nimempata baba," alisema.

Ndivyo wanaume wa kwetu husema wakipata mvulana wa kwanza, kwa kuwa amekuja na jina la babu yake, basi babu amerudi. Wa kwanza! Kakangu alikuwa ameketi hapo hapo, miaka kumi na saba, ndevu zimeanza kuota. Mama akasema Mungu asifiwe. Haki ya Mungu, alisema hivyo, kisha akamwongezea chai.

Yule mtu akageukia runinga. Majina yetu sita yalikuwa yamejipanga chini ya ile ngome. Akasoma la mbele, akacheka kwa furaha.

"Kumbe habari imewafikia. Nani aliwaambia jina la mtoto?"

Kakangu akageuka, na sauti yake ilikuwa ya adabu mno. Hiyo adabu iliniuma kuliko yote.

"Huyo ni mimi, baba."

Yule mtu alimtazama, akatazama runinga, akamtazama tena.

"Lakini wewe una jina lako," alisema kwa upole, kama anayemwambia mtoto wa jirani arudishe kikombe.

Nilisimama nikamwambia atoke. Nilimwambia na mengine ambayo msichana wa kidato cha pili hafai kuyajua. Mama alinizaba kofi mbele yake, halafu akamsindikiza hadi barabarani akimbebea maparachichi ya kumpelekea mkewe aliyejifungua. Maparachichi yetu! Nilirudi sebuleni nikitaka kakangu alie, avunje kitu, anisaidie kuchukia. Alikuwa amezima mashine. Akaniuliza kama shavu linauma.

Miaka michache baadaye alioa, tena kwa utaratibu, wazee wakaenda na mbuzi wakaenda. Mkewe akazaa mvulana, na mvulana wa kwanza, kama nilivyosema, ni wa baba ya babake. Yaani yule mtu. Nilimsihi kakangu ampe mtoto jina la mjomba, jina la Biblia tu, jina lolote. Nilipandisha sauti pale wodini hata nesi akaja kuchungulia. Kakangu alingoja nimalize.

"Sitaki mtoto wangu aulizwe," alisema.

Yule mtu hajawahi kumbeba huyo mtoto. Mimi ndiye shangazi. Nikifika kwao Waithaka nasimama langoni na kuliita lile jina kwa sauti, kwa sababu mtoto hana lingine, naye hutoka mbio akiwa amenyoosha mikono.