Shamba Lililoondoka Ndani ya Viriba

Jua ndio kwanza linachomoza. Mzee wa Miche, kama wateja wanavyomwita, amechuchumaa kando ya barabara, anafinya tonge la udongo kiganjani. Analigusa kwa kidole gumba, linavunjika. Ameridhika. Anaanza kujaza viriba, vile vifuko vyeusi vya kuoteshea miche.

"Mchanga ukizidi, maji hayakai. Mfinyanzi ukizidi, mizizi haipumui," anasema. "Mche una madeko kuliko bwana harusi."

Kazi hii ameifanya miaka kumi na tisa, na watoto watatu wamesoma kwa miche hiyo hiyo. Lakini ukimuuliza udongo wake mzuri ulitoka wapi, utani unamwisha.

Ulitoka kwao, kwenye shamba waliloachiwa na mama, analolilima dada yake mkubwa. Kwa miaka kumi na mitano, kila Jumamosi alikwenda na mkokoteni akachota tabaka la juu, lile jeusi lenye minyoo. Viriba mia mbili kwa wiki. Dada alimwambia zaidi ya mara moja kuwa shamba linashuka. Yeye akacheka, akamjibu kuwa udongo hauishi.

Msimu mmoja mahindi ya dada yakagoma magotini, yamegeuka njano. Mzee alichimba kidogo, akakuta udongo mwekundu, mgumu, maji yametuama juu yake. Akafinya tonge. Halikuvunjika.

"Nililia, sifichi," anasema. "Udongo wa wateja niliujua vizuri. Wa dada yangu sikuwahi hata kuufinya."

Dada hakufoka. Alimuuliza tu kama miche ya watu inaendelea vizuri. Mpaka leo swali hilo linamkosesha raha.

Siku hizi mkokoteni unakwenda umejaa mboji, anayoiozesha mwenyewe kwa mabaki ya sokoni, na unarudi mtupu. Miaka minne imetengeneza kipande cha kutosha mistari mitatu ya mahindi. Msimu huu yamemfika dada begani.

Kwa mwendo huo, shamba zima litahitaji miaka ishirini na zaidi. Dada ana sabini na moja.

Kwa hiyo Mzee amepanga kuongeza safari ya Jumatano, na kuanza kumwaga mboji karibu na mlango wa dada, asilazimike kutembea mbali.

"Hata kama ni mistari kumi tu," anasema, akishika mkokoteni. "Avune akiwa bado ana nguvu za kunisema."