Kistari cha Kuzuia Picha

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya upepo pale Makambako. Nimekuona ukigusa kioo cha simu kwa kidole kimoja tu, ikanijia yote.

Enzi hizo nilikuwa binti, nafanya kazi kwenye duka la kompyuta karibu na stendi. Kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, hakikufunguka kwa kuguswa. Uliandika mstari mzima: jina la programu, halafu vistari na maneno ya kuielekeza. Hiki kipanue dirisha, hiki kianzie ukurasa fulani, hiki kisilete picha. Usicheke! Nilijivuna nayo kweli. Intaneti ilipita kwenye waya wa simu, inatambaa, basi kila asubuhi niliweka kile cha kuzuia picha, na wateja wakanisifu kwa wepesi.

Ndipo akaja mama mmoja kutoka Mdandu, amejitanda blanketi mabegani. Binti yake alikuwa masomoni Ulaya, na kijijini ulienea uvumi kwamba amefariki, ndugu wanamficha mama. Mchungaji wake alikuwa amempa anwani ya ukurasa wa chuo, wenye habari za mahafali ya juzi. Nikafungua, nikasoma harakaharaka.

"Mama, jina lake hili hapa. Amehitimu."

Hakufurahi. "Jina hata la marehemu huandikwa," akasema. "Mimi nimekuja kumwona, mwanangu. Mbona hukuniuliza nimefuata nini?"

Aliyasema kwa upole, lakini yalinichoma. Nikafunga kila kitu, nikaandika mstari upya bila kile kistari. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, kidogo kidogo: kofia ya mahafali, paji la uso, macho. Mama kashika ukingo wa meza. Ulipotokea mdomo wenye mwanya, alipiga kigelegele hadi watu wakaingia kutoka barabarani.

"Ni yeye! Anacheka! Jamani, mwanangu anacheka!"

Akanivuta ndani ya blanketi lake, tukalia pamoja, mimi ambaye huyo binti sikumjua hata kidogo.

Sasa wewe Jumatatu unaanza kazi ya mapokezi Njombe mjini, nami nina furaha hadi usingizi umenikimbia. Utakuta mambo yamepangwa na waliokutangulia, mengine kwa sababu nzuri kama ile yangu. Yafuate, lakini wahenga walisema mazoea yana taabu. Usimpangie mtu kabla hujamuuliza haja yake. Kuuliza si ujinga, na foleni haijawahi kumuua mtu. Ukiona umemkosea, anza upya mbele yake bila kununa.

Nenda, kipenzi changu. Mungu akupe sikio la subira na ulimi mtamu, na kila atakayeketi mbele yako na hofu ainuke ametulia.