Shingo ya Dada Mwanaidi

Harufu ya ukindu unaochemka kwenye rangi hainitoki puani mpaka leo. Ni harufu ya majani mabichi, moshi wa kuni na kitu kikali mfano wa siki, na mwezi ule wa Ramadhani ilitanda ua wetu wote pale Kaole, kwa sababu dada yangu Mwanaidi alikuwa anasuka mkeka wake wa harusi. Baada ya Idi angeolewa na Salumu, fundi wa mashua wa Mbegani. Kwetu msichana aliyejua kusuka hakununua mkeka wa harusi. Angechekwa mpaka akome. Basi dada alikaa barazani tangu asubuhi, miguu kainyoosha, kichwa kakiinamisha, vidole vinakwenda. Shingo ilipomkaza, alishika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono wa pili, akazungusha kwa nguvu: ko! Kisha upande wa pili: ko! Mama alipiga kelele kutoka jikoni, "Mwanaidi, shingo hiyo!" Na dada, bila kuinua macho, alijibu vilevile siku zote: "Yangu mwenyewe, mama."

Mimi ile sauti niliipenda. Dada ndiye aliyenilea, mama alipokuwa shambani, na kila alichofanya yeye kwangu kilikuwa kizuri. Nilikaa pembeni yake nikimchambulia ukindu, huku nikijaribu kuialisha shingo yangu, yaani kuipinda mpaka ilie ko kama yake, isilie. "Utakua tu," alinicheka. "Ukishaialisha, mdogo wangu, unaona dunia imekuwa nyepesi." Mwanzoni alifanya jioni tu, akimaliza kazi. Mwezi ule ikawa asubuhi, adhuhuri, hata akiwa kisimani ndoo iko mkononi. Raha yenyewe haikukaa. Ilimtoka upesi, naye akaifuata tena kwa nguvu zaidi. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, lakini nani anaikumbuka methali wakati gogo bado lipo? Majirani walimtania kwamba Salumu ataamka usiku akidhani kuna mtu anapasua kuni chumbani, na sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku yenyewe ilikuwa katika kumi la mwisho. Ilikuwa adhuhuri, ua umepoa kwa kimya cha watu waliofunga, hata kuku wamejilaza. Dada akazungusha shingo, na safari hii nikasikia mlio mnene, si ule niliouzoea. "Yalaa!" alisema, akabaki ameshika kisogo upande wa kulia. Aliniambia panamuuma mahali ambapo hapajawahi kumuuma. Halafu akaokota ukili wake, ule utepe wa mkeka aliokuwa akiusuka, akaendelea. Alasiri akasema ukuta unazunguka, akatapika maji matupu. Na hapa ndipo ninapokasirika mpaka leo: hakushtuka mtu! Mwezi wa Ramadhani mwenye kizunguzungu ni swaumu, mwenye kuumwa kichwa ni swaumu, na mwenye kutapika swaumu imempanda. "Jikaze, magharibi hiyo inakuja," shangazi alimwambia. "Bibi harusi gani wewe usiyeweza kufunga?" Ikamshika kwikwi isiyokatika. Shangazi akacheka tena, "Salumu huyo anakutaja huko Mbegani!" Dada naye akajaribu kucheka, na hapo nikaona kope ya jicho lake la kulia imeshuka nusu. Nilikimbia jikoni kumwambia mama. Mama, mikono imejaa unga, akasema ni usingizi wa daku.

Adhana ya magharibi ilipolia tulikuwa tumeshakaa kwenye jamvi, tende mbele yetu, uji unanukia pilipili manga. Dada alibebwa kwapani na shangazi, miguu inamvuta upande mmoja. Akapiga funda la kwanza. Uji ukatokea puani. Akajaribu tena, akapaliwa, akakohoa macho yamemtoka, na aliposema "Mama," sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mzee, nzito na kavu. Hakuna aliyecheka sasa. Mama aliliachia bakuli, na uji ukamwagika kwenye jamvi. Jirani alikuja mbio na bajaji yake, hata tende hajameza, na nikajibana miguuni pa dada mpaka hospitali mjini. Nilimshika mkono njia nzima nikisema moyoni, Mungu wangu, usimchukue huyu.

Daktari alikuwa mwanamke bado kijana, mpole wa maneno. Aliuliza kama mgonjwa alianguka, au aligongwa na kitu shingoni. "Hapana mwanangu," mama akajibu, "alikuwa amekaa tu anasuka." Mimi nikashika kidevu changu na kisogo changu ili nimwonyeshe. Kabla sijazungusha, alinidaka mkono. "Acha!" Kisha akamgeukia mama taratibu. Alisema kuna mishipa ya damu inayopanda kwenda ubongoni ikipita katikati ya mifupa ya shingo. Ukiipinda kwa nguvu, ukuta wa mshipa unaweza kuchanika kwa ndani, damu ikaganda, donge likaziba njia. Hicho ni kiharusi, na hakichagui wazee. Alikuwa mkweli: wengi huialisha shingo maisha yao yote na hayawapati, wala yeye hawezi kuapa kwamba chanzo ni hicho. "Lakini shingo ikiuma namna mpya, mtu akapata kizunguzungu, akatapika, kope ikashuka, akashindwa kumeza," alisema, "hayo mama hayangoji futari." Mama alikaa chini sakafuni kama mtoto. Usiku uleule dada akapelekwa Dar.

Idi ilitukuta wodini. Dada alilishwa kwa mpira uliopita puani, na harusi ikaahirishwa. Hakufa, alhamdulillahi. Salumu alimngoja, akamwoa mwaka uliofuata, na Mungu amlipe kwa hilo. Mkeka ulibaki nusu, umeviringishwa darini kwa mama. Dada sasa ni mtu mzima huko Mbegani, anatembea akigusa ukuta, sauti ileile kavu, na upande wake wa kushoto hausikii moto, kwa hiyo maji ya kuoga huyapima kwa mkono wa kulia.

Siku hizi wasukaji ni wachache, lakini vichwa bado vimeinama, juu ya simu. Vinyozi wa njia ya Zinga humalizia kunyoa kwa kumpinda mteja shingo mpaka ilie, watu wakicheka na kurekodi. Sisi tuliponzwa na kutojua. Hawa dunia nzima wanayo kiganjani, na wanacheka vilevile. Mwezi uliopita dada alikuja kwangu kunitembelea. Alikuwa mezani anakunywa uji wake polepole, kijiko kimoja kimoja, na binti yangu Zuhura yuko kando yake na simu. Nikasikia: ko! "Zuhura, shingo hiyo!" nilipiga kelele.

"Yangu mwenyewe, mama," akasema, bila kuinua macho.

Dada akaweka kijiko chini. Alimshika Zuhura mkono, akauweka juu ya koo lake mwenyewe, akaubana pale kwa nguvu. Halafu akameza uji uliokuwa bado kinywani. Ilimchukua muda mrefu, na kabla funda halijashuka Zuhura alikuwa ameanza kulia.