Tufaha Lililoshonewa Mfuko

Fundi cherehani huyu alikuwa na kila sifa ya mume mwema, ila mdomo. Siku aliyoleta nyumbani mche wa mtufaha, kabla hajautua chini, mtaa mzima ulishapata habari kwamba matunda yake yatakuwa mekundu nje na ndani.

"Ndani ya tufaha ni kweupe," mkewe akasema. "Hata mtoto anajua."

Mkewe alikuwa nesi wa wodi ya majeruhi, mwanamke asiye na muda wa porojo. Pembe pekee ya ua iliyopata jua la kutosha ilikuwa na kamba yake ya kuanikia sare. Fundi aliing'oa, akapanda mti. Tangu hapo sare zikawa zinakaukia koridoni, na nesi anakwenda kazini akinuka kama tambara la kudekia. Alivumilia weee, mwisho akachoka.

"Baba watoto, tunda la kwanza tutalipasua mbele ya shahidi. Likiwa jeupe, mti unakatwa na kamba yangu inarudi."

"Nimekubali! Hata kesho!" Fundi akajipalia makaa kwa mdomo wake mwenyewe.

Kusema kweli aliupenda sana mti ule. Maisha yake yote kila alichoshika kilipunguzwa kwa mkasi. Huu ulikuwa ukiongezeka. Ulipotoa maua, upepo ukayapukutisha karibu yote, likabaki tunda moja tu. Fundi akalishonea mfuko wa bitana, wenye vifungo, ili kila asubuhi alifungue na kulijulia hali. Wateja waliofuata suruali zao walikuta tufaha limevaa kabla yao.

Siku ya siku ikafika. Shahidi alikuwa shemeji yake, seremala, mdogo wa nesi. Alikuja na msumeno ameshaunoa.

"Usinune, shemeji," akasema. "Nitakuchongea kigoda cha mti huohuo, ukae ukiukumbuka."

Fundi alifungua vifungo, akalichuma tunda, akaliweka kiganjani. Akafumba macho, akapitisha kisu. Maji mekundu yakamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Mungu wangu, kidole!" Nesi alirusha tufaha huko kwenye kuku, akaudaka mkono na kuanza kuuzungushia bendeji.

"Mama watoto, sijaumia! Ni tufaha!"

"Nyamaza. Majeruhi wote husema hivyohivyo."

Puu! Shemeji alikuwa chini. Kumbe seremala mzima, na msumeno wake, hawezi kuona damu.

Alipozinduliwa kwa maji ya ndoo, bendeji ilikuwa imefika kwapani, na kuku walikuwa wanapangusa midomo. Halikubaki hata ganda.

"Mimi sikuona kitu," shemeji akasema, akiokota msumeno. "Tunda halipo, ushahidi haupo. Makubaliano ni makubaliano."

Fundi akaukumbatia mti kwa mkono wake mmoja uliobaki. Alitaka kulia, na hakuona haya.

"Ngoja kwanza," nesi akasema. "Nikitazame kidonda, huenda kinataka kushonwa."

Akaifungua bendeji yote. Akageuza kidole, akageuza kiganja. Hapakuwa na hata mkwaruzo. Akaitazama ile bendeji nyekundu, mwanamke aliyeona damu maisha yake yote. Akainusa. Halafu, mbele ya mdogo wake aliyekuwa anaanza tena kuyumba, akailamba.

"Rudisha msumeno wako kwako," akamwambia mdogo wake.

"Na mimi nionje!" fundi akasema. "Nimelisubiri tangu likiwa ua!"

Nesi akampa upande wa pili wa bendeji.

"Lina uchachu kidogo," mkewe akasema. "Lakini tamu. Mwakani nitalipasua mimi."

Fundi alikuwa na mengi ya kuujibu mtaa mzima, lakini kwa mara ya kwanza mdomo wake ulikuwa na kazi nyingine.