Mabungo ya Mzimuni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, tulieni. Mimi nilisoma chuo cha Kurani, juzuu ya amma tu, nikaozwa, kwa hiyo msinitafutie maneno ya kupamba. Nataka mjue bungo linamfanyia nini mtu mwilini, na mimi nilijuaje.

Mwaka ule mvua ilitutupa. Shamba letu lilikuwa nyuma ya Mbegani, na kwa miezi minne tulikula makopa, ile mihogo mikavu: asubuhi uji wa makopa, jioni ugali wa makopa. Mboga za majani zilikauka shambani. Mibungo nayo, mitambaazi iliyokuwa ikitulisha kila msimu, ilikuwa imekatwakatwa na watu waliokinga utomvu wake wakauze mpira Bagamoyo.

Binti yangu wa miaka sita akaanza kutoka damu kwenye fizi. Miguu ikafanya madoa meusi kama ya mtu aliyepigwa, na hakuna aliyempiga. Mwishowe akawa hawezi kusimama. Mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, akaita mganga wa pepo. Mganga akamnusa mtoto mdomo, akasema yumo pepo anayemnyonya damu, apigiwe ngoma siku ya saba. Kabla ya hapo akampa mwiko: asionje chumvi, wala tunda, wala kitu chochote kikali.

Siku ya nne meno yake mawili yalikuwa yakicheza. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, nataka bungo." Nikakumbuka kwamba mama yangu mzazi alikuwa akitunywesha maji ya mabungo kila midomo yetu ilipofanya vidonda. Nikajua nikingoja siku ya saba nitazika.

Mbungo uliobaki ulikuwa mmoja, nao ulikuwa mzimuni, katika kichaka ambacho wakata mpira walikiogopa. Sisi tulikuwa na desturi yetu pale. Unapiga hodi mara tatu, unaingia, unaweka unga, unatoka. Hakuna anayekujibu. Ukijibiwa, rudi ulikotoka. Tulifundishwa hivyo tangu utotoni, na sikuwahi kumjua mtu aliyejibiwa.

Mavyaa alinikuta najifunga kaniki. Akasema nakwenda kumuua mjukuu wake kwa uroho wangu. Nikamwambia siendi kula mimi.

"Kumbe unamuua hata njaa huna," akasema.

Nilifika jua likiwa utosini. Upepo haukuwapo, hata nzi sikumsikia. Nikapiga hodi ya kwanza, ya pili. Ya tatu, sauti ya mwanamke ikaitika, "Karibu." Haikutoka mbali wala haikuwa ya kutisha. Ilikuwa kama ya mtu aliye chumba cha pili, ana kazi mkononi.

Miguu ilitaka kurudi. Nikaingia.

Mabungo yalikuwa yameiva manjano, yamejaa, hakuna hata moja lenye jino la tumbili. Nikachuma. Nyuma ya majani nikasikia na mwingine anachuma. Nikiacha, naye anaacha, ila anachelewa kidogo. Nikaweka kiganja cha unga wa makopa, ndio niliokuwa nao, nikatoka bila kugeuka. Njia nzima nyayo nilizosikia zilikuwa zangu, na zilikuwa nyingi mno.

Nyumbani nikapasua mabungo, nikaloweka kokwa na nyama yake, nikakamua, nikatia sukari guru kidogo. Mavyaa alikuwa amekaa kizingitini. Mtoto akanywa, akafumba macho kwa ukali wake, akaomba tena. Halafu akatazama mlangoni.

"Mama, yule uliyekuja naye mbona hakai?"

Mlangoni hapakuwa na mtu ila mavyaa. Na mavyaa, bila kuinua uso, akakunja miguu yake taratibu, kama anayempisha mtu apite.

Hatukulizungumza jambo lile, mpaka mavyaa alipofariki.

Nilimnywesha mtoto asubuhi na jioni. Siku ya pili akaomba chakula. Siku ya tatu damu ilipungua. Siku ya ngoma alikwenda uwanjani kwa miguu yake, ameshikilia ukuta. Mganga akasema pepo ametoka kabla ya ngoma kwa kumwogopa yeye, akachukua kuku wake.

Tangu hapo nimeliangalia bungo kwa watu wengi. Hukaza fizi, hufunga vidonda vya mdomo, humrudishia mgonjwa wa homa hamu ya kula. Ila tumbo tupu halilitaki, mpeni mtu uji kwanza. Aliyenijibu kule sikumjua, na sijarudi kuuliza.

Msimu uliofuata nikawakusanya wote wa nyumba yangu, mavyaa akiwapo, nikawaambia: "Mtoto wa humu akitoka damu fizini, mpeni bungo siku hiyo hiyo. Mganga mwenye mwiko wake aje aniambie mimi kwanza."