Barabara ya Dada

Kwa miaka ishirini na minne alikuwa dereva wa greda ya halmashauri, na katika miaka yote hiyo alifanya kazi kwelikweli miaka mitano tu. Msidhani alikuwa mvivu. Greda yenyewe ndiyo iliyolala karakanani chini ya turubai, kuku wakitaga kwenye kiti chake, mpaka ufike mwaka wa uchaguzi wa madiwani. Hapo mafuta yalipatikana, matairi yakajazwa upepo, na dereva akatafutwa kila kona kana kwamba kuna mgonjwa. Watu walimwita Tambarare, maana alikopita yeye palibaki tambarare. Jina alilopewa na mama yake lilibaki kwenye faili la ofisi.

Kazi alifundishwa na fundi mmoja mzee, mkali kama pilipili, aliyekuwa akisema barabara ni kama kidonda: ukikifungua, ukifunge. Kufungua ni kushusha lile bapa la chuma chini ya tumbo la greda, Tambarare akiliita kisu, na kukwangua uso wa njia. Kufunga ni kumwaga maji, kupitisha mtambo wa kushindilia mpaka udongo ugome kuingiwa hata na msumari, kisha kuchimba mitaro kando. Fundi alistaafu, akafa. Mtambo wa kushindilia nao ulikufa gia, ukasukumwa nyuma ya choo cha karakana, ukaota majani. Tangu hapo Tambarare akawa mtu wa kufungua tu.

Alijua alichokuwa akifanya, na hilo ndilo lililomla. Kila uchaguzi alikwangua ule uso mgumu uliokandamizwa na miguu na magurudumu ya miaka, akaacha udongo mwekundu laini unaopendeza macho. Watu walipiga vigelegele, wakapiga na kura. Mvua ikija, njia ikawa uji. Uchaguzi uliofuata ikawa mbovu kuliko mwanzo, kwa hiyo watu wakaililia greda kwa sauti kubwa zaidi. Walimvisha kilemba cha ukoka naye akakivaa, kwa kuwa kazi nyingine hakuijua.

Barabara moja tu hakuigusa. Ilikuwa ya kilimani, kilomita tisa za mashimo na mawe, na mwisho wake palikuwa na nyumba ya dada yake. Mama yao alipofariki, dada huyo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliacha shule akambeba mdogo wake mgongoni, akajifunza kushona, na kwa cherehani moja barazani akamlisha, akamsomesha na kumwozesha. Ukitaka kumwona Tambarare akilainika, mtaje dada yake.

Basi kila zamu ya kilimani ilipofika, greda "iliharibika". Asubuhi na mapema alilegeza mpira wa mafuta, mafuta yakamwagika, injinia wa halmashauri akatukana mpaka akachoka, na mashine ikapelekwa kata nyingine. Chaguzi nne alifanya hivyo. Barabara ya kilimani ilibaki na mashimo yake, ikivunja migongo ya watu, lakini pikipiki ilipita masika na kiangazi. Na watu wa kilimani wakawa na mzaha wao: mganga hajigangi.

Mwaka wa uchaguzi wa tano, miezi minane kabla ya Tambarare kustaafu, dada alishuka mwenyewe karakanani. Alikuja na wanawake kumi na wawili na karatasi yenye sahihi. Diwani alikuwa amewaahidi greda, na dada alikuwa amezunguka nyumba kwa nyumba akimwombea kura kwa ahadi hiyo.

"Mdogo wangu," alisema mbele ya mafundi wote, "nimekuja kuuliza kama mashine itaharibika tena mwaka huu."

Mafundi wakacheka. Tambarare akamvuta kando, karibu na ule mtambo uliokufa, akamwambia ukweli wote tangu mwanzo, mpaka habari za mpira wa mafuta.

Dada alimsikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo ni wewe. Miaka yote hii nasema viongozi, viongozi, kumbe kikulacho ki nguoni mwako."

"Dada, nilikuwa naiokoa. Bila kushindiliwa, mvua moja tu—"

"Wenzetu wote wamechongewa barabara, sisi tumeokolewa! Nimepasuka nyayo kwenye yale mawe. Nitakufa napita mashimoni na wewe funguo ziko mfukoni mwako?"

"Dada, nisikilize."

"Nimekusikiliza tangu hujajua kusema. Leo nisikilize wewe."

Tambarare alikwenda kwa injinia kuomba mtambo wa kushindilia uazimwe popote, hata wilaya jirani. Injinia hakuinua macho kwenye simu yake. "Mzee, mwananchi hapigii kura kushindilia. Anapigia udongo mwekundu. Nenda kafanye kazi." Na wewe msomaji usimlaani injinia peke yake, maana hakusema uongo.

Angeweza kulegeza mpira kwa mara ya tano. Jioni ile alikaa na spana mkononi, akaitazama. Lakini alikuwa amechoka kuwa msaliti machoni pa mtu pekee aliyempenda bila sababu, na alitaka, mara moja tu kabla hajastaafu, dada amwonee fahari. Aliirudisha spana kwenye sanduku.

Kazi ilichukua siku tatu. Siku ya tatu, kisu kilipofika mbele ya baraza la dada, alimkuta amevaa nguo yake ya kutokea, akipiga makofi kama msichana. Alipanda ngazi ya greda kwa shida, magoti yakilia, akamfuta mdogo wake vumbi usoni kwa ncha ya kanga.

"Umeona?" alisema. "Kuna kilichokushinda?"

Tambarare alicheka naye. Alikuwa na furaha, na aliona haya kuwa na furaha.

Siku ya kura magari ya diwani yalipanda na kushuka kilimani bila kugonga hata jiwe. Diwani alishinda. Mvua zilianza siku ya kumi na moja baada ya kura, na kufikia mwisho wa mwezi barabara ya kilimani haikuwapo. Palikuwa na mfereji mwekundu uliofika magotini, pikipiki zikaacha kupanda, na mwalimu wa shule akawa anatembea na viatu shingoni.

Ijumaa moja, saa nne asubuhi, dada alianguka juu ya cherehani yake, upande mmoja wa mwili umelegea. Majirani waling'oa mlango wakamlaza juu yake. Zamani pikipiki ingemfikisha hospitali kwa dakika arobaini. Watu wanane walishuka naye matopeni kwa zaidi ya saa tano, wakianguka na kuinuka, na Tambarare alipoitwa kutoka karakanani akakimbilia hospitali, alikuta wamefika na mlango lakini dada hayupo tena duniani. Daktari alisema angewahishwa, pengine. Majuto ni mjukuu, husemwa, huja kinyume. Kwa Tambarare yalikuja mbele, akayaona, akayafungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Sasa ilibidi dada arudishwe nyumbani akazikwe kando ya mama yao, na gari la kubeba jeneza halikuweza kupanda. Diwani alipiga simu. Alitoa pole nyingi, akasema kwa huyo mama, mpiganaji wake wa kilimani, halmashauri itafanya kila linalowezekana. Greda itoke.

"Mzee," injinia alisema kwa upole ambao hakuwa nao kawaida, "kama huwezi, nitatafuta dereva mwingine."

"Hakuna mwingine anayeijua ile njia," alisema Tambarare.

Alitangulia yeye, kisu chini, gari la jeneza likimfuata nyuma. Alisukuma tope pembeni, akakwangua mpaka kwenye udongo wa ndani, ule ambao haujawahi kukanyagwa na mtu. Kila mita aliyofungua alijua mvua ijayo itaingia kina gani. Hakuwa na njia nyingine ya kumfikisha dada kwa mama. Alilia waziwazi kwenye kiti chake, na kelele za injini zikamsitiri.

Watu walitoka majumbani kusikia mngurumo. Wengine waliinamisha vichwa kwa ajili ya msiba, ila mama mmoja hakuweza kujizuia. "Mmeona? Na uchaguzi umeshapita! Huyu diwani hasahau watu wake."

Baada ya maziko, mmoja wa wale wanane waliobeba mlango alikuja kumshika mkono Tambarare, mabega yake bado yamevimba. Alitazama chini kwenye ile njia nyekundu, laini, iliyonyooka mpaka bondeni.

"Laiti dada yako angeiona leo," alisema. "Angefurahi sana."

"Angefurahi," alisema Tambarare, na hilo lilikuwa kweli. Kisha akapanda kwenye greda kuiwahisha bondeni, kwa sababu wingu lilikuwa limeshatanda upande wa mashariki.